Umeme Wetu, Petroli ya Watu



Kwa muda sasa wanachama wametuletea swali moja, matawini na barazani. Wanauliza: mtu wa kazi ya kila siku anayetaka kununua motokaa, anunue ile ya umeme mtupu, au ile ya nguvu mbili, yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja? Wako watakaosema kwamba hili si jambo la gazeti la siasa, na kwamba yafaa tuwaachie mafundi na wauza magari. Sisi twasema hapana. Jambo lolote linalotoa fedha katika mfuko wa mwananchi kila wiki na kuzipeleka ng'ambo ni jambo la siasa. Tena muuza magari hawezi kuwa hakimu wa neno hili, maana mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Kwanza tuelewane maana. Motokaa ya nguvu mbili tunayoizungumza si ile haibridi ya kawaida iliyozoeleka barabarani kwetu, ambayo haichomekwi popote na umeme wake wote hutokana na petroli yake yenyewe. Hii ina tundu ubavuni. Usiku mwenyewe huichomeka kwenye soketi ya nyumbani, asubuhi ikatembea kwa umeme kilometa 30 au 50, na zile mpya zaidi hata 80. Umeme ukiisha, injini ya petroli inashika kazi na safari inaendelea. Motokaa ya umeme mtupu haina injini wala tangi. Ina betri kubwa chini ya sakafu, na betri ikiisha, hapo ilipo ndipo itakapolala mpaka ipate umeme.

Basi tofauti yao kwa maneno machache ni hii: moja imeachana na petroli kabisa, na nyingine imeiweka petroli akiba. Swali ni kama akiba hiyo ni busara, au ni kamba ileile ya zamani shingoni mwetu, isipokuwa imelegezwa kidogo.

Wazee wetu waijua kamba hiyo. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia utawala wao, Zambia ilikuwa changa, nayo mafuta yake yalipitia Rhodesia. Mwezi wa Desemba mwaka uleule mafuta yakakatwa. Ikawa petroli yapakiwa katika mapipa, mengine kwa ndege, mengine kwa malori kutoka Dar es Salaam, katika barabara mbovu ya vumbi na matope iliyoua madereva wengi. Bomba la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, lilifunguliwa mwaka 1968, na ndipo jirani zetu walipopata kupumua. Hapo Afrika ilijifunza kwamba anayeshika bilula ya mafuta yako anaweza kukunyamazisha bila ya kupiga risasi.

Likaja la mwaka 1973. Kuanzia Oktoba ya mwaka ule mpaka mwanzo wa 1974 bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne. Wenye umri wanakumbuka miaka ya shida iliyofuata, ambapo motokaa za watu binafsi zilipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Na mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha bei, Serikali yetu ililazimika kutoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuwa ruzuku ya mafuta. Vita ile hatukuianza sisi wala hatukuombwa shauri, lakini tuliilipia. Ndugu, kila tone la petroli na dizeli linalochomwa katika nchi hii hutoka ng'ambo na hulipiwa kwa fedha za kigeni.

Sasa tazameni upande wa pili. Umeme wetu wazalishwa hapahapa, kwa maji na kwa gesi ya Songosongo na Mtwara. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kazi Februari 2024, na mwaka 2025 yote tisa ilikuwa imekamilika. Bonde lile wakoloni walilipima na kulipima tena, wakaondoka wameliacha kama walivyolikuta. Leo maji yake yanazalisha umeme, na usiku wa manane, watu wakiwa wamelala na viwanda vingine vimefungwa, mitambo ina nafasi ya kutosha. Huo ndio wakati motokaa hulala. Kwa nini umeme huo usiingie ndani yake?

Tupige hesabu ya kawaida, kila mtu aifuate kwa kidole. Gari dogo la petroli lale lita 8 kwa kilometa 100 katika foleni za mjini. Mwaka 2025 lita moja Dar es Salaam ilicheza karibu na shilingi 2,900. Hizo ni shilingi 23,200. Gari dogo la umeme mtupu lataka kama uniti 17 kwa mwendo huohuo, pamoja na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Uniti moja kwa mtumiaji wa kawaida, pamoja na kodi, tuihesabu shilingi 360. Hizo ni shilingi 6,120. Mwenye kutembea kilometa 1,000 kwa mwezi anabakiwa na zaidi ya shilingi 170,000 mkononi. Kwa mwalimu, kwa nesi, kwa karani, hiyo si fedha ndogo.

Hapo mtetezi wa motokaa ya nguvu mbili atasema: "Hata yangu yaweza kutembea kwa umeme huohuo siku zote za kazi, na siku ya safari ndefu sitakwama njiani." Neno hilo lina haki yake, wala hatutaki kulikanyaga. Mtu atokaye Mbagala kwenda Posta na kurudi hafikishi kilometa 40. Akiichomeka kila usiku, motokaa kama Mitsubishi Outlander ya nguvu mbili, yenye betri ya uniti 12, yaweza kumfikisha kazini na kumrudisha pasipo injini kunguruma sana. Na akitaka kwenda msibani Songea, kilometa zaidi ya 900, anajaza tangi na kuondoka, wala haulizi soketi iko wapi. Tena husemwa, na ni kweli, kwamba betri ya gari moja la umeme mtupu la uniti 60 yatosha kutengeneza magari matano ya nguvu mbili ya uniti 12. Kama madini ni haba, yasemekana ni afadhali watano wapunguze petroli kuliko mmoja kuiacha.

Hoja nzuri. Lakini yote imejengwa juu ya neno moja dogo: "akiichomeka". Je, watu huichomeka?

Ulaya wamekwisha kulipima jambo hili. Mwaka 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitoa hesabu za magari yaliyosajiliwa mwaka 2021, hesabu zilizosomwa ndani ya magari yenyewe yakiwa barabarani, si zile za maabara. Ilionekana kwamba magari ya nguvu mbili yalitoa hewa ya kaboni mara tatu na nusu ya ilivyoandikwa katika vyeti vyake. Magari ya petroli na dizeli ya kawaida nayo yalizidi vyeti vyao, lakini kwa kiasi cha moja ya tano tu. Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Kwa sababu vyeti vilidhani kwamba mwenye gari atalichomeka daima, naye hakufanya hivyo. Na waliochunguza habari hii waliona kwamba waliozembea kupita wote ni wale wanaoendesha magari ya kampuni, ambao petroli yao hulipwa na mwajiri. Mtu asiyelipa petroli haoni sababu ya kuinama na kuchomeka waya.

Ndugu, hapa hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Nani kati yetu hajaiona motokaa ya umma imesimama nje ya mkutano saa mbili, injini yawaka, ili bwana mkubwa akitoka akute ubaridi? Ikiwa kesho ofisi zitaambiwa zinunue magari ya kisasa, na zikanunua ya nguvu mbili, nani ataamka usiku kuyachomeka? Kadi ya mafuta imo mfukoni. Mafuta ya bure hayana uchungu. Tutakuwa tumenunua injini mbili kwa bei ya juu, tukajigamba kwamba tumeendelea, kumbe tunabeba betri ya mamia ya kilo kama mzigo wa bure, na petroli inaliwa ileile.

Tena yako matengenezo. Motokaa ya nguvu mbili yataka kumwagwa oili, kubadilishwa plagi na filta, kuangaliwa rejeta na ekzosi, kama gari lolote la petroli. Na juu ya hayo ina betri na mota na nyaya za umeme mkali. Fundi ajue mambo yote mawili. Njia mbili zilimshinda fisi, na fundi wetu wa gereji ya mtaani twampa njia mbili katika boneti moja. Ya umeme mtupu haina oili ya injini, haina plagi, haina klachi. Breki zake hudumu, kwa sababu mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha umeme betrini. Kinacholiwa sana ni matairi, maana gari ni zito.

Lakini msidhani kwamba tunaipamba motokaa ya umeme mtupu ionekane haina kasoro. Mwenzetu mmoja alinunua Nissan Leaf kuukuu kwa mfanyabiashara aliyemwapia kwamba itatembea kilometa 160 bila ya kusimama. Alipoifikisha nyumbani akaona haipiti 70. Mfanyabiashara akamwambia ni joto. Kwa hakika joto lina sehemu yake. Betri ya Leaf kuukuu haina mtambo wa kuipoza kwa maji, na katika nchi za jua kali huchoka upesi kuliko betri zinazopozwa. Lakini mwenzetu angeweza kulijua jambo hilo kabla ya kutoa fedha. Kwenye dashibodi ya Leaf kuna vipande vidogo 12 vinavyoonyesha uzima wa betri, mbali na vile vya chaji. Yake ilikuwa imebaki na vipande 7. Hakuambiwa, naye hakuuliza. Basi twasema kwa sauti kubwa: mwenye kununua gari la umeme lililotumika, iwe la umeme mtupu au la nguvu mbili, ananunua betri kwanza na bodi baadaye. Usitoe senti kabla fundi hajaisoma betri kwa kifaa.

Kasoro ya pili ni njia. Kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma ni kilometa 450 hivi. Gari la umeme lenye betri ndogo haliwezi kuumaliza mwendo huo bila ya kujazwa njiani, na mahali pa kujaza ni pachache mno. Tena matundu hayafanani. Magari ya Japani yana tundu lake, ya China yana lake, ya Ulaya yana lake. Kila mfanyabiashara akileta tundu analotaka, tutajikuta na vituo vitatu mahali ambapo kimoja kingetosha. Kasoro ya tatu ni umeme wenyewe. Mgao wa mwaka 2023 hatujausahau, wala kukatika kwa gridi nzima mwezi Aprili 2024. Ni kweli kwamba pampu za petroli nazo husimama umeme ukikatika, na ni kweli kwamba chaji ya jana hubaki betrini. Lakini mtu hawezi kuambiwa aache petroli na hapohapo afungiwe umeme.

Kasoro ya nne wengi hawaisemi. Soketi ya kawaida ya nyumbani yatoa kama uniti 2 kwa saa. Usiku mzima hupati zaidi ya kilometa 100. Hiyo yatosha kwa mwenye nyumba yake na ua wake. Je, mpangaji? Nyumba ina vyumba sita, LUKU ni moja, kila mwezi watu wagombana kwa ajili ya pasi na friji. Huyo akichomeka motokaa, ugomvi utafika kwa balozi. Kwa mpangaji wa namna hiyo, motokaa ya kuchomeka, ya umeme mtupu au ya nguvu mbili, bado si yake. Abaki na aliyonayo, au apande daladala, mpaka mahali pa kazi na vituo vya mabasi vitakapowekewa soketi za umma. Huo ndio ukweli, na kumficha ni kumdhulumu.

Tuwatazame na wenzetu. Ethiopia mwezi Januari 2024 ilitangaza kwamba haitaruhusu tena kuingizwa kwa motokaa za petroli na dizeli za watu binafsi. Haikufanya hivyo kwa kufuata mtindo wa Wazungu. Haina mafuta, fedha za kigeni zilikuwa zikiwaishia, nao walikuwa wakijenga bwawa kubwa katika mto Abbay, lile lililozinduliwa Septemba 2025, lenye megawati 5,150. Wamepata taabu: nje ya Addis Ababa vituo ni haba, na vipuri havipatikani kwa urahisi. Lakini wamechagua upande. Norway nayo, nchi ya milima na theluji inayouza mafuta kwa wengine, nyumbani kwake yatumia umeme wa maji. Huko kwa muda watu walinunua pia magari ya nguvu mbili kwa wingi. Baadaye wengi wakayaacha, na mwaka 2024 karibu magari 89 katika kila magari mapya 100 yalikuwa ya umeme mtupu. Tazameni, ndugu: hata mwenye kisima cha mafuta ameona ni afadhali ayauze kuliko kuyachoma. Sisi tusio nacho tungoje nini?

Neno moja kuhusu madini. Wako wanaotuambia kwamba tunaondoka kwa mwenye mafuta tukaingie kwa mwenye betri. Hatari hiyo ipo. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, katika machimbo ya Lualaba, na nikeli imelala chini ya ardhi yetu kule Kabanga, Ngara. Lakini betri twaletewa kutoka China. Hata hivyo petroli hununuliwa leo, ikachomwa leo, na kesho hununuliwa tena. Betri hununuliwa mara moja, ikatumika miaka mingi, na ikichoka kwa gari bado yaweza kuhifadhi umeme wa jua nyumbani. Deni la mara moja si sawa na mrija wa kila siku.

Sasa uamuzi wetu. Mwananchi ajiulize maswali matatu: motokaa yangu italala wapi, natembea kilometa ngapi kwa siku, na mara ngapi kwa mwaka nasafiri mbali? Mwenye ua wake na soketi iliyofungwa na fundi umeme wa kweli, si waya wa kuunganishaunganisha, na mwendo wake hauzidi kilometa 80 kwa siku, huyo anunue umeme mtupu wenye betri nzima, wala asiogope. Safari yake ya Dodoma ya mara mbili kwa mwaka haifai kuwa sababu ya kubeba injini ya petroli siku 363 zilizobaki. Tangu 2024 treni ya umeme yapita Morogoro mpaka Dodoma, apande hiyo. Mwenye ua na soketi, lakini kazi yake humtoa mjini kila wiki kwenda wilaya zisizo na kituo cha kuchajia, huyo motokaa ya nguvu mbili ni halali yake, kwa sharti moja: aichomeke kila usiku bila ya kukosa. Akijijua kwamba ni mvivu wa kuchomeka, asijidanganye. Anunue gari dogo la petroli lisilokula sana, itamfaa zaidi.

Na kwa wakubwa wetu twataka mambo matatu. La kwanza, tundu moja lichaguliwe kwa nchi nzima, na lizingatiwe bandarini. La pili, gari la umeme lililotumika lisishushwe bila ya cheti cha uzima wa betri, ili tusigeuzwe jalala la betri zilizokufa. La tatu, kila motokaa ya umma ya nguvu mbili iwe na daftari la uniti ilizojaza, kama lilivyo daftari la lita, na daftari hilo likaguliwe. Isiyochomekwa, inyang'anywe kadi ya mafuta. Ndipo mwananchi atakapoamini kwamba anayehubiriwa na anayehubiri wako katika safari moja.

Hatusemi kila mtu anunue motokaa. Wengi wetu tuko juu ya daladala na bajaji, na hizo ndizo zingetangulia kupata umeme. Twasema tu kwamba mwenye kununua asipime kwa macho ya muuzaji, apime kwa daftari lake na kwa nchi yake. Maji ya Rufiji yanatiririka usiku na mchana. Petroli itakuja meli ikifika, kwa bei atakayotaka mwingine.

Uhuru na Kazi!